Ombi la Baadhi ya Watumiaji

Karani alikuwa amestaafu, jambo ambalo watu wote walilijua isipokuwa yeye. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, kisha akavuka kutoka chumbani hadi meza ya sebuleni kwa mwendo wa mtu anayeogopa kuchelewa. Mezani palikuwa na kompyuta, kikombe cha kalamu, na mhuri wa tarehe ambao ofisi ilisahau kumdai siku ya kuagana. Ujana wake wote na utu uzima wake wote ulikwisha nyuma ya dirisha la masijala ya ardhi, akipokea maombi ya watu. Mtu akipokea maombi ya wenzake kwa muda mrefu kiasi hicho, humjia hamu ya kuomba na yeye, walau aonje.

Nafasi hiyo aliletewa na binti yake, aliyekuja likizo na kompyuta kuukuu kutoka kazini kwake. Alimfundisha baba yake kutumia kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na katika kumfundisha akaropoka kwamba kivinjari hicho hakina tajiri. Kinatengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika dunia nzima, kila mtu anaruhusiwa kuona kilivyoundwa ndani, na mwenye haja ya kitu kipya anaandika ombi kwenye jukwaa lao. Baba akauliza kama ni mtu yeyote. Binti akasema ni mtu yeyote. Baba akauliza kama kuna ada, akaambiwa hakuna. Akasogeza kiti karibu na meza. Binti alikuja kujuta baadaye, alipokuwa amekwisha kuondoka na hawezi tena kuichomoa kompyuta ukutani.

Ombi lake la kwanza lilianza kwa maneno "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu," kwa sababu Karani hakujua namna nyingine ya kumwanza mtu. Aliomba kila ukurasa unaofunguliwa upigwe mhuri wa tarehe ya kupokelewa. La pili liliomba kitufe cha kurudi nyuma kimdai mtumiaji sababu ya kurudi. La tatu lilipendekeza kivinjari kijifunge wakati wa chakula cha mchana, ili mtumiaji naye ale. Upande wa Kiswahili wa jukwaa ulishikiliwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyejiita Sisimizi, ambaye picha yake ilikuwa ya paka aliyevishwa kofia. Sisimizi alijibu yote matatu kwa adabu, siku ileile: asante kwa ombi, limefungwa, halitatekelezwa.

Karani hakukasirika hata kidogo. Alimsifu Sisimizi kwa mkewe akisema huyo angefika mbali serikalini. Kilichomshangaza ni kasi tu. Katika ofisi yake ombi halikufa hivihivi bila kwanza kuugua.

Mkewe alimsikiliza kwa sikio moja. Naye alikuwa amestaafu, ila kwa upande wake aliambiwa na akaelewa, kisha akakataa. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyo. Alikuwa akisahihishia kituo cha masomo ya ziada kilichofunguliwa na mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na aliitwa Mkuu. Siku hizi kituo hakikutumia karatasi. Watoto walijibu maswali kwenye ukurasa wa mtandao, na Mwalimu aliufungua nyumbani, akasoma jibu, akabofya kisanduku kilicho pembeni yake. Ukibofya, alama ya vema inaingia. Ukibofya tena, inatoka.

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mkono wa kulia wa Mwalimu ulikuwa umeanza kutetemeka. Daktari aliutazama, akasema ni tetemeko la kuishi nalo, akaandika dawa ambazo ziliupunguzia kelele lakini hazikuunyamazisha. Mwalimu alinunua sweta lenye mifuko mikubwa, na tangu hapo mkono ukahamia mfukoni, ukatoka kwa kula na kwa kazi tu. Ukiwa juu ya kipanya, kidole kilibofya mara mbili pale alipokusudia mara moja. Salamu kwa binti zilikwenda mbilimbili, umeamkaje, umeamkaje, usikose kula, usikose kula, na binti huko aliko akalia akidhani mama yake amemkumbuka kupita kiasi. Hakuna aliyemweleza vinginevyo.

Salamu si kitu. Lakini kwenye vile visanduku vema iliingia na kutoka kufumba na kufumbua, na jicho la Mwalimu lilikuwa tayari kwenye jibu linalofuata. Mtoto aliyepata yote akatoka patupu. Mzazi wake akaenda kituoni na sauti ya juu. Wiki iliyofuata Mkuu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama alivyokaa darasani zamani, akanywa chai, akazunguka mbuyu weee, mpaka akalisema. Mwalimu amefanya kazi kubwa. Amechoka, na ni haki yake. Labda baada ya mtihani huu wa kufunga muhula apumzike, akiona inafaa.

Mwalimu akasema amesikia. Mgeni alipoondoka aliosha kikombe chake kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. Karani alimtazama mgongoni, na roho ikamuuma. Alijua kwamba mkewe hakuogopa kufa kama alivyoogopa kuwa mtu aliyekuwa mwalimu.

Walijaribu kila njia. Mkono wa kushoto ulikuwa umetulia lakini mjinga, ulibofya jibu la mtoto mwingine kabisa. Kwenye kibodi kidole kiligonga mara mbili vilevile. Binti aliwaelekeza kwa simu jinsi ya kubadili mipangilio ya kompyuta yenyewe, wakabadili, na kompyuta kuukuu ikawa nzito kiasi kwamba ukurasa ulifunguka baada ya Karani kupiga pasi shati. Mwishowe Karani akajitolea abofye yeye, Mwalimu aseme tu. Mpango huo ulidumu alasiri moja. Karani alitaka kusoma kila jibu mwenyewe kabla ya kulipitisha, akataka kumpa alama mtoto aliyekosa lakini aliyeanza kwa kuandika "naomba kujibu," na mwingine aliyepata akataka kumnyima kwa kukosa heshima. Mwalimu akamwomba aondoke kwenye kiti.

Akiwa ameondolewa kwenye kiti, Karani alienda kusimama uani, na huko akakumbuka jukwaa. Kesho yake, baada ya kunyoa, aliketi kuandika ombi bora kuliko yote aliyowahi kuandika. Aliomba kivinjari kiwekewe uwezo wa kupuuza mbofyo wa pili endapo unafuata wa kwanza papo hapo. Alieleza vizuri, kwa aya fupi. Alipofika mahali pa kutaja ni nani anayelihitaji, kalamu, kwa maana ya vidole, ikasita. Katika nyumba ile mkono haukuwahi kutajwa. Akatazama mlango wa jikoni, akaandika: "kwa manufaa ya baadhi ya watumiaji."

Sisimizi akajibu akiuliza ni watumiaji gani hao, na kama anaweza kupata mfano. Karani akamwandikia kwamba ni watumiaji wa kawaida. Sisimizi akalitafsiri ombi na kulipeleka kwa mafundi wenyewe, wale wanaoandika programu, na jibu lao likarudi na mstari mmoja. Jambo hilo ni la kompyuta, si la kivinjari. Si la ofisi yetu.

Karani aliusoma mstari huo, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Sentensi ile alikuwa ameisema yeye kwa watu wengi kupita hesabu, huku kalamu ikiwaonyesha mlango mwingine. Hakuwahi kuisikia akiwa upande wa foleni. Haikuwa nzuri.

Alijibu kwamba mipangilio ya kompyuta imejaribiwa na imeshindikana, na kwamba yeye haondoki dirishani. Sisimizi, ambaye inaonekana alikuwa na moyo chini ya ile kofia ya paka, akamwambia kuna njia moja. Mafundi wana kazi nyingi na mikono michache. Wakiona watu wengi wanataka kitu, wanakitazama upya. Basi kama wapo wengine wenye haja hiyo, wajiandikishe kwenye jukwaa na waliunge ombi mkono.

Mwombaji mwingine angewaachia wenye haja wajitokeze wenyewe. Karani alikwenda kwa kinyozi.

Kibanda cha kinyozi kilikuwa mkabala na nyumba yao, na pale hapakukosa watu waliokaa bila shughuli wakisubiri kichwa cha mbele yao kiishe. Karani aliwaeleza kuwa anatafuta wa kumuunga mkono kwa jambo la kiofisi. Kinyozi alitoa simu yake, nao wakaanza kujiandikisha mmoja baada ya mwingine kwenye simu hiyo hiyo: fundi cherehani, muuza vocha, shemeji yake Karani aliyepita kuomba bisibisi, na vijana kadhaa ambao walinyolewa nusu na kusimamishwa ili wasaini kwanza. Karani aliwatamkia maneno, nao wakayaandika kama yalivyo, "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu, naunga mkono kwa manufaa ya baadhi ya watumiaji." Shemeji alitaka kuongeza ombi la matokeo ya mpira, akakatazwa. Karani alikuwa na uzoefu na mambo haya. Katika masijala, barua za kuunga mkono zikifanana neno kwa neno, mtu alijua wahusika wamekaa kikao na wana msimamo mmoja.

Jukwaa halikuwa na uzoefu huo. Liliona kundi la wanachama wapya waliozaliwa alasiri moja, kutoka simu moja, wakizungumza kwa sentensi moja. Kabla Karani hajamaliza chai yake ya jioni, mashine ya ulinzi ilikuwa imewafungia wote na kulifunga ombi. Yeye naye akafungiwa kama kiongozi wao. Maelezo yalisema kuna shughuli ya kutiliwa shaka, na kwamba akaunti hizo zinaaminika kuwa za roboti.

Katika utumishi wake wote Karani aliwahi kuitwa mengi dirishani, na baadhi yalikuwa ya kweli, lakini roboti hakuwahi. Alizima kompyuta, akaifunika kitambaa, akamwambia mkewe ana kichwa kinachomgonga.

Mwalimu alikuja kulijua jambo zima siku iliyofuata, na hakuambiwa na mumewe. Alikuwa akipita kwenda dukani, mkono mfukoni, kinyozi akatoka kibandani na mashine ya kunyolea ikiwa bado inanguruma, akamwamkia kwa heshima zote.

"Pole na mkono, Mwalimu," akasema. "Sisi tumeshakusainia."

Karani alikuwa hajamtaja mtu. Lakini wale walikuwa watu wazima na wana macho, na walikuwa wameliona lile sweta wakati wa joto.

Mwalimu hakufika dukani. Alirudi, akapita sebuleni, akakifunua kitambaa, akawasha kompyuta na kuketi. Akamwambia mumewe amfungulie alichoandika. Karani akamfungulia. Alisoma kama alivyosoma kazi za watoto, tangu juu mpaka chini, midomo imebanwa, na Karani akasimama pembeni ya meza mikono nyuma. Alisoma ombi, akasoma maswali ya Sisimizi, akasoma jibu la mafundi, akasoma safu nzima ya kinyozi na wateja wake, na akasoma habari ya roboti.

"Kwa hiyo mkono wangu umejadiliwa kwa kinyozi," akasema.

Karani akamwambia kwamba hakumtaja popote.

"Hilo nimeliona. Hawa baadhi ya watumiaji ni akina nani?"

"Ni wewe."

"Mimi niliuficha mkono tu," Mwalimu akasema. "Wewe umenificha mzima mzima."

Karani alijaribu kueleza kwamba alidhani hataki mkono utajwe, na Mwalimu akakubali kwamba ni kweli, hakutaka, na hata sasa hataki. Aliyekuwa na hasira alikuwa Mwalimu, lakini aliyeonekana kuchoka alikuwa Karani, na pengine hilo ndilo lililoamua. Mwalimu akatoa mkono mfukoni. Akauweka mezani, mchana kweupe, juu ya kipanya, nao ukaanza kazi yake ya kutetemeka bila kuona haya.

"Chukua simu," akasema. "Wameomba mfano."

Alifungua ukurasa wa mazoezi wa kituo. Kwenye video sauti yake ni ileile ya darasani, isiyo na haraka. Anasema yeye ni mwalimu, na anataka kuweka vema moja, watazame. Anabofya. Vema inaingia na kutoka. Anasema atarudia. Inaingia na kutoka. Mara ya tatu inaingia na kubaki, na Mwalimu anaitazama kidogo kisha anasema, "Hiyo ni bahati." Baada ya hapo anaanza upya, na bahati hairudi.

Chini ya tangazo la kufungiwa palikuwa na mahali pa kulalamika kwa aliyeonewa. Waliituma video kupitia hapo, na Mwalimu akaandika mwenyewe maelezo, mstari mmoja, kwamba mume wake si roboti ingawa anaeleweka vibaya.

Sisimizi akajibu mapema kuliko kawaida yake. Aliwafungulia Karani na kundi lote la kinyozi, akaomba radhi, akasema video amewapelekea mafundi na ombi limefunguliwa upya. Fundi mmoja alikuwa na swali. Alitaka kujua kama mtu aliyeshika simu naye anahitaji msaada, maana picha ilitikisika kuliko huo mkono wenyewe. Karani akaandika kwamba mpiga picha hana tatizo lolote la kiafya. Mpiga picha alikuwa analia, ila hilo halikuulizwa.

Mafundi walifanya kazi kwa namna ambayo Karani alishindwa kuielewa, bila kikao na bila posho ya kikao. Yule aliyeuliza swali ndiye aliyeandika kipande chenyewe, wenzake wakakikagua na kukikosoa, akakirekebisha. Kisha Sisimizi akatuma toleo la majaribio na maelezo ya kuliweka, akasema linaweza kuwa na kasoro. Lilifika wiki ileile ya mtihani wa kufunga muhula. Karani aliliweka akifuata maelezo neno kwa neno, akakitafuta kipengele kipya kilikofichwa ndani ya mipangilio, akakiwasha. Akampisha mkewe kwenye kiti.

Mwalimu alisahihisha mtihani wote kwa mkono wa kulia. Mkono ulitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho, kidole kikabofya mbilimbili kama kilivyozoea, na vema zikaingia na kukaa. Baada ya kila mtoto alirudi juu kuhakikisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa siku moja. Karani alizuiwa kusimama nyuma yake, akaenda kuzungukia uani mpaka jirani akamuuliza kama amepoteza kitu.

Mkuu alipiga simu matokeo yalipotoka. Alisema alama zimekaa sawasawa, hakuna mzazi aliyelalamika, akauliza kwa tahadhari kama Mwalimu amepata mtu wa kumsaidia. Mwalimu akasema amesaidiwa na kivinjari. Mkuu akasema kazi za muhula ujao atazituma mapema. Habari ya kupumzika haikutajwa. Mwalimu akaagana naye, akaweka simu chini, akaenda kumpigia binti yake na kumweleza, pamoja na mengine, kwa nini salamu zake zilikuwa zinakuja mbilimbili. Binti akasema angependa ziendelee kuja hivyohivyo.

Toleo kamili lilitoka baadaye, la watu wote. Lilikuja na maelezo ya mambo mapya, na Karani akayasoma asubuhi, amenyoa, shati limepigwa pasi. Karibu na mwisho aliukuta mstari wao: kivinjari sasa kinaweza kupuuza mbofyo wa pili wa papo hapo, kwa manufaa ya baadhi ya watumiaji. Sisimizi alikuwa ameyachukua maneno kwenye ombi la Karani yalivyo, kwa nia njema.

Karani aliwahi kuyapenda sana maneno hayo. Sasa hakumaliza hata chai, akafungua jukwaa na kuandika ombi jipya. Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. Aliomba maneno "baadhi ya watumiaji" yaondolewe katika maelezo ya toleo, na mahali pake pawekwe "mke wangu, ambaye ni mwalimu." Hakuweka aya ya sababu.

Alimwita Mwalimu alipitie kwanza, kama barua inavyopita kwa mkubwa kabla ya kutoka ofisini. Mwalimu akaja kutoka jikoni, akafuta mkono kwenye sweta, akasoma akiwa amesimama. Karani akangoja asahihishwe. Mwalimu hakusahihisha kitu. Alisema tu kwamba Sisimizi atalifunga, na Karani akasema anajua.

Mwalimu akaushika mkono wa kiti, akainama, akaweka kidole kwenye kipanya juu ya kitufe cha kutuma. Kidole kikabofya mara mbili. Ombi likaenda mara moja.